Kidonda cha Mdomo Kisichopona



Mdomo wa mtoto ni mlango. Maziwa ya mama hupita hapo, chakula hupita hapo, na dawa hupita hapo. Lakini mlango huu una kazi nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: huonyesha hali ya mambo ndani ya nyumba. Mwili ukikosa kitu, au ukishindana na ugonjwa uliofichika, mara nyingi midomo na ulimi ndivyo hutoa habari kwanza.

Somo hili ni kwa mama, baba, bibi, na dada mkubwa anayelea wadogo zake hapa Mapendo na katika mitaa yote ya Goma. Linataka kukufundisha neno moja: kidonda cha mdomo kinachopita wiki mbili bila kupona, au kinachopona na kurudi tena na tena, si kazi ya kupaka dawa tu. Mtoto mwenyewe lazima apimwe, mwili mzima.

SI KILA KIDONDA NI HATARI

Kwanza tusiogopane bure. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hata wa nane, vumbi la Goma ni jingi na midomo hukauka. Mtoto huilamba, nayo hupasuka zaidi. Mwingine huungua kwa chai ya moto, au hujiuma akianguka. Mwingine hupata malengelenge madogo pamoja na homa. Vidonda vya namna hii huanza kupona siku baada ya siku, na zikipita siku kumi au kumi na nne havipo tena.

Pia usichanganye kidonda na madoa ya meno. Watoto wengi wa Goma na wa vijiji vya karibu na mlima Nyiragongo wana meno yenye madoa ya rangi ya udongo. Moshi wa volkano una kemikali iitwayo floridi. Floridi hiyo huingia katika maji ya mvua, na mtoto akiyanywa miaka mingi wakati meno yake yanapojengwa, meno hushika madoa. Hilo ni jambo la maji. Halihusiani na midomo inayopasuka.

Basi ni kidonda gani cha kukuhangaisha? Ni kile kinachokaa. Pembe za mdomo zilizopasuka na kutoa maji au ukoko. Midomo myekundu inayochubuka mwezi baada ya mwezi. Ulimi uliokuwa na vinundu vidogo, sasa umekuwa laini na unauma. Utando mweupe unaorudi. Mdomo uliovimba na hauteremki.

WATOTO WATATU KATIKA BENCHI MOJA

Tuchukue mfano. Tuseme asubuhi moja watoto watatu wamekaa katika benchi la kituo cha afya. Wote watatu wana pembe za mdomo zilizopasuka. Majirani wamesema ni kidonda kile kile, na wote wamepakwa dawa ile ile ya violeti.

Mtoto wa kwanza ana miaka miwili. Aliachishwa ziwa mama alipopata mimba, na sasa chakula chake ni bugali ya muhogo na mchuzi kidogo. Miguu yake imevimba. Nywele zake zimekuwa nyepesi, za rangi nyekundu. Huyu ana bwaki.

Mtoto wa pili ana miaka sita. Anakula vizuri, lakini viganja vyake ni vyeupe, naye huchoka akipanda njia. Ana minyoo ya safura inayomnyonya damu tumboni.

Mtoto wa tatu ana miaka minne. Mdomoni ana utando mweupe, shingoni ana vinundu, na amekuwa akikohoa na kuhara tangu zamani. Akipimwa, damu yake inaonyesha virusi vya UKIMWI, ambao wengi hapa huuita SIDA.

Unaona, msomaji? Kidonda ni kimoja, lakini magonjwa ni matatu. Dawa ya violeti iliwapaka rangi wote watatu, wala haikumponya hata mmoja. Kila mmoja anahitaji dawa yake. Mama akirudi nyumbani na kusema, “Ni mdomo tu,” mtoto wa kwanza na wa tatu wanaweza kufa.

TUMBO LIMEJAA, MWILI UNA NJAA

Wazazi husema, “Mwanangu hakosi chakula.” Ni kweli, amekula bugali na ameshiba. Lakini unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Wanga huleta nguvu za kutembea, bali haujengi nyama wala ngozi. Ngozi ya midomo na ya ulimi huisha na kujengwa upya upesi kuliko sehemu nyingi za mwili. Kwa hiyo vitu vya kujengea vikikosekana, hapo ndipo huanza kupasuka.

Habari hii imejulikana tangu zamani. Kati ya miaka 1911 na 1913 mganga Mwingereza, Hugh Stannus, aliandika juu ya wafungwa wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Chakula chao kilikuwa cha namna moja siku zote, na pembe za midomo yao zilipasuka. Mwaka wa 1938 waganga wawili wa Marekani, Sebrell na Butler, waliwapa wanawake chakula kisicho na vitamini iitwayo riboflavini, au B2. Midomo yao ikapasuka. Walipopewa riboflavini, ikapona. Hawakupakwa kitu chochote midomoni. Dawa ilipita tumboni.

Mwaka wa 1933 mganga Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo: kuvimba miguu, ngozi kubabuka, vidonda vya mdomo. Wenyeji waliuita kwashiorkor, jina la ugonjwa wa mtoto mkubwa anayekosa ziwa mdogo wake anapokuja. Ndio ugonjwa ambao watu wa Kivu wameujua siku nyingi kwa jina la bwaki.

Vitu vinavyokosekana zaidi ni hivi: riboflavini na ndugu zake vitamini B, chuma cha damu, zinki, na chakula cha kujenga mwili. Mara nyingi havikosekani kimoja kimoja. Mtoto anayekosa kimoja amekosa viwili au vitatu.

Mama, hatusemi haya kwa kukulaumu. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, kazi nyingi zilikatika, na watu waliokuwa wakiuza na kununua walibaki mikono mitupu. Anayebeba mizigo mpakani tangu alfajiri ili watoto wale jioni si mama mvivu. Lakini franka chache zikipatikana, ni vema kujua zitumike kwa chakula gani. Hayo tutayaona chini.

UTANDO MWEUPE

Mtoto mchanga, katika wiki zake za kwanza, aweza kupata utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiufuta hautoki kwa urahisi, na chini yake ni pekundu. Ni ukungu mdogo, nao hupona kwa dawa ya matone iitwayo nistatini. Mtoto mkubwa pia aweza kuupata baada ya kunywa antibiotiki siku nyingi, hasa zile zinazonunuliwa ovyo bila kipimo.

Lakini mtoto aliyepita miezi miwili, ambaye utando wake haukwishi kwa dawa au hurudi, apimwe virusi vya UKIMWI. Usikimbie kipimo hiki kwa aibu. Mtoto aliye na virusi akianza dawa mapema hukua, husoma, na huwa mtu mzima. Asiyepimwa hafikii huko. Ujue pia kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kipimo cha haraka cha damu hakitoshi, kwa sababu damu yake bado ina askari waliotoka kwa mama. Kuna kipimo kingine kwa ajili yake, muulize muuguzi. Mama mwenye virusi naye asiache kunyonyesha kwa hofu. Akitumia dawa zake kila siku na kufuata shauri la muuguzi, mtoto aweza kunyonya na kubaki mzima.

MDOMO ULIOVIMBA BILA MAUMIVU

Kuna kidonda kingine ambacho si cha kawaida hapa kwetu, lakini kipo duniani, na huwadanganya hata waganga. Mdomo mmoja au yote miwili huvimba. Kwanza uvimbe huja na kwenda. Baadaye hukaa. Mdomo huwa mgumu kama mpira, na mara nyingine hupasuka katikati. Hauumi sana. Watu hudhani ni nyuki, au chakula kilichomkataa mtoto, au uchawi.

Katika watoto wengine uvimbe huu ni alama ya ugonjwa wa matumbo uitwao ugonjwa wa Crohn, kwa jina la mganga Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake aliueleza mwaka wa 1932. Matumbo hupata uvimbe na vidonda kwa muda mrefu. Mtoto huumwa tumbo, huhara, hupungua, wala haongezeki kimo. Ajabu yake ni hii: mdomo waweza kuvimba miezi, hata miaka, kabla tumbo halijaanza kuuma. Anayetazama mdomo tu hatauona ugonjwa. Anayempima mtoto uzito na kimo kila mara, na kuuliza habari za choo chake, aweza kuugundua.

Hapa kwetu lazima kwanza kufikiri juu ya kifua kikuu, maana nacho chaweza kufanya uvimbe wa namna hii mdomoni na matumboni, nacho ni kingi. Dawa zinazotuliza uvimbe wa Crohn hupunguza nguvu za askari wa mwili. Mtoto mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo bila kupimwa, atazidi kuugua. Kwa hiyo usimnunulie mtoto vidonge vya kupunguza uvimbe sokoni. Mpeleke hospitali ambako mganga aweza kukata kipande kidogo cha mdomo na kukitazama kwa darubini.

Na kama ni taya linalovimba upesi na meno yanalegea, usingoje hata wiki moja. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mganga Denis Burkitt aliona watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka wa 1958 aliandika juu yao. Ni saratani, lakini ni saratani inayosikia dawa, ikiwahiwa.

NOMA: USINGOJE KESHO

Sasa sikia neno zito. Mtoto dhaifu, hasa wa miaka miwili hadi sita, ambaye ametoka katika surua au malaria, au ana bwaki, aweza kupata kidonda katika ufizi. Ufizi huvimba na kutoa damu. Mdomo hunuka sana. Kisha shavu huvimba. Siku chache baadaye doa jeusi huonekana shavuni, na nyama huanza kuanguka mpaka meno yaonekane kwa nje. Ugonjwa huu huitwa noma, neno la Kiyunani lenye maana ya kula, kama mnyama alavyo majani.

Bila dawa, karibu watoto tisa katika kumi hufa. Anayebaki hubaki na uso ulioharibika, naye hufichwa ndani ya nyumba. Lakini ukija wakati ufizi bado ni mwekundu, dawa za antibiotiki, maji ya chumvi ya kusafisha mdomo, na chakula chema hutosha kuuzuia. Tofauti ya uzima na kifo ni siku chache tu.

Noma si laana, wala hauambukizi kwa kugusana. Wala si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Zamani watoto wa Ulaya waliugua. Watu walipoanza kula vizuri na kuishi kwa usafi, ukatoweka. Kisha wakati wa vita vya pili vya dunia ulirudi katika kambi za Bergen-Belsen na Auschwitz, ambako watu waliteswa kwa njaa. Njaa ilirudi, noma nayo ikarudi. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuandika noma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, ili nchi zote ziukumbuke.

Chanjo ya surua ni ngao moja ya mdomo wa mtoto wako. Surua huchoma mdomo, humaliza vitamini A, na hufungua mlango kwa noma. Katika mlipuko wa surua uliokwisha Agosti 2020, watoto zaidi ya 7,000 walikufa katika nchi yetu ya Kongo. Mtoto apate chanjo akiwa na miezi tisa, kisha ufuate tarehe ya kipimo cha pili katika karatasi yake.

USIKUBALI KISU

Kuna watu wanaoona mtoto anahara, ana homa, hataki kunyonya, kisha wanalaumu mdomo. Humkata kilimi. Au humchimba ufizi kwa msumari ili kutoa kile wanachokiita meno ya plastiki. Desturi hii imewaumiza watoto wengi katika Uganda, Tanzania, na nchi nyingine za jirani. Kile wanachokitoa si mdudu wala plastiki. Ni jino changa la mtoto, ambalo bado halijaota.

Watu hawa wamegeuza mambo. Mwili ni mgonjwa, mdomo unatoa habari, nao wanamwadhibu mleta habari. Mtoto hutokwa na damu, hupata pepo punda, na kisu kilichomkata mwingine chaweza kumletea virusi. Na kule kuhara kulikomleta kunabaki bila dawa. Ukiambiwa, “Tumkate,” mchukue mtoto wako uondoke.

MGANGA ATAFANYA NINI?

Usiogope. Mengi ya kumpima mtoto hayaumi.

1. Atakuuliza: kidonda kilianza lini? Anakula nini tangu asubuhi hata jioni? Anahara? Anakohoa? Amepata chanjo?

2. Atampima uzito na kimo. Mtoto wa miezi 6 hata miaka 5 atapimwa mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari. Toka 11.5 hata 12.5 ni njano, jihadhari. Juu yake ni kijani.

3. Atabonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, ni bwaki, hata kama mkono unaonekana mnene.

4. Atatazama viganja na macho kama kuna upungufu wa damu, na mdomo wote: midomo, ulimi, fizi, meno, na koo.

5. Atapima damu, choo, na mengine kadiri anavyoona.

Kwa hiyo mama, usimpake mtoto dawa ya rangi asubuhi ile ya kwenda kupimwa. Rangi huficha kidonda, na mganga hataona vema. Chukua pia karatasi yake ya uzito, na vidonge vyote alivyokwisha kupewa.

KAZI YA NYUMBANI

Safisha mdomo wa mtoto mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo. Paka vazelini katika pembe za mdomo. Mpe uji laini usio wa moto. Mtoto anyonye kama kawaida. Kikombe chake kiwe chake peke yake. Usitie ndimu, pilipili, majivu, wala unga wa vidonge juu ya kidonda.

Na chakula? Tazama soko letu. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki wadogo walioletwa toka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, leo ni nyama ya maskini, na nyama njema. Wakaushe, watwange, tia kijiko katika uji wa mtoto. Maharagi na soya hujenga mwili. Lengalenga na sombe vina chuma na vitamini. Mawese mekundu yana vitamini A. Usiyachome mpaka yawe meupe. Yai moja, maziwa, au kipande cha ini huleta riboflavini. Lakini riboflavini huharibiwa na jua: usiache maziwa juani katika chupa nyeupe, na majani uyakaushe kivulini. Usimwage maji uliyopikia mboga.

Kila mara wanapopita wagawaji wa vitamini A na dawa ya minyoo, usimfiche mtoto. Mpeleke.

KUMBUKA

Wiki mbili zimepita, kidonda hakijapona: nenda kituo cha afya.

Kidonda kinarudi, na mtoto anapungua, anahara, anakohoa, au amekuwa mweupe viganjani: nenda wiki hii.

Miguu imevimba, au mtoto hawezi kula wala kunywa: nenda leo.

Ufizi unatoa damu na mdomo unanuka, au shavu limevimba: nenda sasa hivi, hata kama ni usiku unaingia, mtoto abebwe na mtu asimame naye mpaka aonwe.

Homa, vipele vya maji mwilini, na vidonda mdomoni vikija pamoja: nenda upesi pia, kwa maana mpox, uliowapata watu wengi wa Goma na kambi zake mwaka wa 2024, huanza hivyo.

Jioni ya leo, kabla mtoto hajalala, mkalishe penye mwanga. Mwambie afungue kinywa. Tazama midomo, ulimi, fizi, na mashavu kwa ndani. Tazama na viganja, bonyeza na miguu. Ni kazi ya dakika mbili. Ukikuta mambo ni mema, shukuru. Ukikuta kidonda cha siku nyingi, sasa unajua pa kwenda, na unajua la kumwambia mganga: “Nimeleta mtoto mzima, si mdomo tu.”